HERUFI ZA KWENYE BOKSI LA DAWA

Somo la radio kwa vikundi vya watu wazima, wilaya za Kasulu na Kibondo

Kwa kiongozi wa kikundi: Kabla ya somo kuanza, waombe wenzako walete maboksi, chupa na karatasi za vidonge walizo nazo nyumbani, hata kama dawa yenyewe imekwisha. Andika ubaoni kwa herufi kubwa: BP, MG, MFG, EXP, LOT, GMP. Somo likisha, someni maswali yaliyo mwishoni, mkayajadili.

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila kikundi kina boksi moja au mawili ya dawa mbele yake. Msiyafungue. Leo hatutazami vidonge vilivyomo ndani, twatazama maandishi ya nje.

Mtu anapougua, iwe Makere au Heru Juu, Kifura au Mabamba, mmoja wetu hushika njia kwenda zahanati au duka la dawa. Hurudi na dawa yenye maandishi ya Kiingereza. Na kwa kuwa mpaka wa Burundi u karibu, mara nyingine maandishi ni ya Kifaransa. Wengi wetu twaangalia rangi ya boksi, twatoa vidonge, boksi twalitupa au twawapa watoto walichezee. Twasema, "Hiyo ni lugha ya madaktari."

Ndugu zangu, hiyo si lugha ya madaktari peke yao. Maandishi yale ni ushahidi. Kiwanda kimetamka: dawa hii ni kitu gani, ina nguvu kiasi gani, tuliitengeneza lini, mwisho wake lini, na ilitoka katika chungu kipi. Atupaye boksi ametupa ushahidi wake. Tena herufi zenyewe si nyingi. Ajuaye kusoma namba na A, B, C aweza kuzijua kwa jioni moja.

JINA KUBWA NA JINA DOGO

Tuanze na jina. Boksi nyingi zina majina mawili. Moja limeandikwa kwa herufi kubwa za kupendeza. Hilo ni jina la biashara, na kila kampuni hubuni la kwake. La pili limeandikwa dogo chini yake. Hilo ndilo jina la dawa yenyewe, nalo ni moja karibu duniani kote. Boksi lililoandikwa Panadol, kwa mfano, chini yake utaona Paracetamol.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Mtu ana homa na kichwa chamuuma. Ameza vidonge viwili vya boksi moja, kisha viwili vya boksi lingine lenye rangi nyingine, akidhani ni dawa mbili za kusaidiana. Kumbe jina dogo ni lile lile. Amemeza dozi mara mbili. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 za paracetamol kwa siku moja, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Akizidisha, ini lake hudhurika, na ini halilii mapema kama jino. Basi, kabla ya kuchanganya dawa mbili, linganisha majina madogo.

Watu wa kiwandani huita ile dawa yenyewe API. Sisi tuiite kiambato hai, yaani kile kitu kinachotibu. Lakini kidonge si kiambato hai peke yake. Huchanganywa na wanga wa mahindi au wa viazi ili kishikamane, na vitu vingine ili kisinate mashineni, au kikifika tumboni kimumunyike. Hivyo ni visaidizi. Kwa hiyo ukubwa wa kidonge hauonyeshi nguvu yake. Kidonge kikubwa chaweza kuwa na dawa kidogo, na kidogo kikawa na nguvu nyingi. Nguvu yajulikana kwa namba tu.

VIPIMO: MG, MCG, ML NA IU

Baada ya jina dogo hufuata namba na herufi. MG ni miligramu. Gramu moja ina miligramu 1,000. MCG ni maikrogramu, nayo ni ndogo zaidi: miligramu moja ina maikrogramu 1,000. Tazameni tofauti ya herufi moja tu, ile C ya katikati. Anayesoma MCG akadhani ni MG amekosea mara 1,000. Ni kama mtu aliyetumwa kununua kilo moja ya chumvi ya Uvinza akarudi na tani nzima.

ML ni mililita, kipimo cha dawa za maji. Kwenye chupa ya paracetamol ya watoto mara nyingi utaona 120 mg/5 ml. Maana yake, katika kila mililita 5 za maji hayo mna miligramu 120 za dawa. Mililita 5 ni kile kijiko cha plastiki kinachokuja na chupa, si kijiko chochote cha jikoni. Vijiko vya nyumbani havilingani. Kijiko cha chupa kikipotea, omba kingine dukani.

IU ni kipimo cha dawa zinazohesabiwa kwa kazi ziwezazo kufanya, kuliko kwa uzito. Insulini ya wenye kisukari hupimwa hivyo, na baadhi ya dawa za sindano za jamii ya penisilini. Katika maandishi ya Kifaransa herufi hizo hugeuka kuwa UI. Kipimo ni kile kile.

Sasa tuchukue mfano ambao kila nyumba ya mkoa wetu yaujua: dawa ya malaria, ALu. Uchunguzi wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchi kwa malaria, karibu robo ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa wakiwa na vimelea. ALu ilianza kutumika nchini kama dawa ya kwanza ya malaria mwishoni mwa mwaka 2006, ikishika nafasi ya SP. Kwenye boksi lake utaona 20 mg/120 mg. Namba mbili kwa sababu dawa ni mbili ndani ya kidonge kimoja: artemeta miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Ya kwanza hupiga vimelea upesi, kisha huondoka mwilini upesi. Ya pili hubaki siku nyingi ikiwamaliza waliosalia. Dozi ni mara mbili kwa siku kwa siku 3, yaani mara 6. Mtoto wa kilo 5 mpaka 14 humeza kidonge 1 kila mara, jumla 6. Mwenye kilo 35 au zaidi humeza 4 kila mara, jumla 24. Basi mtu mzima akiuziwa vidonge 12 kwa sababu fedha haikutosha, hajanunua nusu ya kupona. Amenunua ugonjwa utakaorudi.

BP SI PRESHA

Ndugu wasikilizaji, tazameni ubaoni herufi B na P. Huku kwetu mtu akisema, "Mama ana BP," twaelewa ana shinikizo la damu. Lakini chukueni boksi la paracetamol. Nyingi zimeandikwa Paracetamol Tablets BP. Je, ni dawa ya presha? Hata kidogo.

BP ya kwenye boksi ni jina la kitabu. Ni kitabu cha Uingereza cha viwango vya dawa, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1864. Kitabu hicho husema kila dawa iwe safi kiasi gani, iwe na nguvu kiasi gani, na ipimwe kwa njia gani. Kiwanda kikiandika BP, kinasema: dawa hii tumeitengeneza kwa kipimo cha kitabu kile. Kiwanda kingine chaweza kuandika USP, nacho ni kitabu cha Marekani kilichoanza mwaka 1820. IP ni kitabu cha Bara Hindi, na dawa nyingi za madukani mwetu hutoka huko.

Mwenye presha akinunua boksi kwa kuona BP, ataimeza dawa ya maumivu akiamini ametibiwa, na presha yake itaendelea kupanda kimya kimya. Kwa hiyo mwambie jirani usiku huu huu: BP kwenye boksi si jina la ugonjwa.

TAREHE MBILI

MFG au MFD, ikifuatwa na tarehe, ni siku ya kutengenezwa. EXP ni mwisho wa kutumika. Katika Kifaransa utaona FAB kwa kutengenezwa, na EXP au PER kwa mwisho. Ikiandikwa EXP 06/2027, dawa yaweza kutumika mpaka siku ya mwisho ya mwezi wa 6 mwaka 2027. Ikifika Julai haifai tena.

Tarehe hiyo haikubuniwa. Kiwanda huweka dawa katika vyumba vya joto na unyevu, kikaipima mara kwa mara kuona nguvu yake inapungua kwa kasi gani. Lakini ahadi hiyo ina sharti, nalo limeandikwa pia: Store below 30°C, yaani itunzwe pasipo joto la kupita nyuzi 30, tena mahali pakavu pasipo jua. Milima yetu ina ubaridi, lakini chini ya bati mchana wa Septemba, au juu ya kichanja cha jikoni, joto hupita hapo. Na masika ya huku yana unyevu mwingi. Dawa iliyokaa vibaya huweza kuharibika kabla ya tarehe yake.

Hapa pana jambo la kuangalia dukani. Karatasi ya vidonge huandikwa EXP upande mmoja tu wa ukingo. Muuzaji akiikata kwa mkasi ili akuuzie vidonge vinne, tarehe yaweza kubaki kwake. Si lazima awe na nia mbaya. Mwambie kwa adabu, "Naomba nione boksi lake." Muuzaji mwema hatachukia.

NAMBA YA TOLEO

Sasa twafika kwenye herufi ambazo watu huzipuuza kuliko zote, na mimi naziona kuwa na thamani kuliko zote: BATCH NO., B. NO., au LOT. Kwa Kiswahili twasema namba ya toleo. Madukani wengi husema namba ya bechi.

Fikirini mama anayepika mawese. Leo apika sufuria moja, ajaza chupa 40. Kesho apika sufuria nyingine, ajaza chupa 40 tena. Ikiwa sufuria ya leo iliingia uchafu, chupa zote 40 za leo ni mbaya, na za kesho hazina kosa. Lakini zikichanganyika sokoni, nani atazitambua? Kama angeandika namba 1 kwenye chupa za leo na namba 2 kwenye za kesho, mbaya zingekusanywa na nzuri zingeendelea kuuzwa.

Kiwanda cha dawa hufanya vivyo hivyo. Dawa yote iliyochanganywa pamoja mara moja ni toleo moja, hupewa namba moja, na namba hiyo hupigwa kwenye kila boksi na kila karatasi. Daftari la kiwandani huonyesha toleo hilo lilitumia malighafi ipi, nani aliipima, mashine ipi iliikandamiza, na liliuzwa kwa nani. Vipande vichache vya kila toleo huwekwa kabatini mpaka mwaka mmoja baada ya tarehe ya mwisho. Pakitokea malalamiko, hutolewa na kupimwa upya.

Mfano wa kweli. Aprili 2024, wakaguzi wa dawa wa Nigeria walitangaza kwamba wamekuta kemikali ya sumu, daithilini glaikoli, katika dawa ya maji ya kikohozi ya watoto iliyotengenezwa Afrika Kusini. Kampuni ilijibu kwamba vipimo vyake yenyewe havikuikuta sumu hiyo. Hata hivyo, kwa tahadhari, nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, ziliagiza dawa hiyo iondolewe madukani. Wakaguzi waliitafutaje? Hawakukusanya dawa zote za kikohozi. Walitangaza namba ya toleo, 329304. Mama aliyekuwa na chupa nyumbani, akiwa hajachubua karatasi yake, aliweza kuitazama na kujua papo hapo.

Sumu hiyo si jambo la mchezo. Kemikali hiyo hutumika viwandani na katika maji ya breki za magari. Ni tamu, nayo hufanana na propilini glaikoli, kiyeyusho halali cha dawa za maji. Mwaka 1937 huko Marekani, kampuni moja iliitumia kuyeyusha dawa bila kuipima kwanza. Watu zaidi ya 100 walikufa, watoto wakiwamo, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria mpya ya dawa. Mwaka 2022 huko Gambia, watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kazi, na dawa za maji zenye sumu hiyo hiyo zikashukiwa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa onyo mwezi Oktoba mwaka huo, lilitaja majina ya dawa pamoja na namba za matoleo yake.

GMP, QC NA MLINZI WA TAIFA

Kutokana na misiba ya namna hiyo ulimwengu ulijifunza kwamba haitoshi kupima dawa ikiisha kutengenezwa. Huwezi kupima kila kidonge, maana ukikisaga kukipima hakuna cha kuuza. Yafaa kazi yote iwe na utaratibu tangu malighafi ipokewe mlangoni. Utaratibu huo ndio unaoitwa GMP, yaani Utaratibu Mwema wa Kutengeneza Dawa. Shirika la Afya Duniani liliupitisha mwaka 1969. Unataka majengo safi, watu waliofundishwa, mizani iliyokaguliwa, na kila tendo liandikwe. Ndani yake mna QC, watu wa maabara wanaopima toleo na kusema lipite au lizuiwe. Sheria ni kwamba anayezuia asiwe chini ya anayetengeneza, maana mpishi asijipe mwenyewe hukumu ya chakula chake.

Nchini kwetu mlinzi wa jambo hili ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ilianza mwaka 2003 kwa jina la TFDA, ikishughulika na chakula pia. Mwaka 2019 kazi ya chakula ilihamishwa, nalo jina likabadilika. Ni yeye anayesajili dawa kabla haijauzwa na kuagiza mbaya iondolewe. Herufi MSD ni za Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993 ili kupeleka dawa kwenye hospitali na zahanati za umma. Dawa yenye alama ya MSD ukiikuta kwenye meza ya mtu binafsi, ina maswali ya kujibiwa.

Dawa inayopangwa chini juu ya turubai katika masoko ya mpakani haina mlinzi hata mmoja. Hakuna ajuaye ilikaa juani siku ngapi, wala hakuna wa kumrudia ikidhuru. Nunua kwenye duka lenye kibali, kama Duka la Dawa Muhimu. Maduka ya namna hiyo yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, kisha yakaenea nchini.

HERUFI ZA MWISHO WA JINA

Kabla sijamaliza, tazameni kama jina la dawa linafuatwa na SR, XR au EC. SR na XR maana yake kidonge kimetengenezwa ili kitoe dawa polepole kwa saa nyingi. EC maana yake kimefunikwa ngozi ili kisiyeyuke tumboni, kiyeyukie mbele kwenye utumbo. Vidonge hivyo visisagwe wala visitafunwe. Mzee asiyeweza kumeza akisagiwa kidonge cha SR, dawa ya siku nzima itamwingia kwa mara moja. Badala ya kukisaga, rudini kwa mganga mkaombe dawa ya namna nyingine.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kulipa soma mambo manne: jina dogo, nguvu yake, EXP, na namba ya toleo. Dawa ikitiwa kwenye bahasha, mwombe mtoa dawa aandike hayo manne juu yake, pamoja na ile 1x3 au 2x3 ya namna ya kumeza. Tunza boksi mpaka mgonjwa apone kabisa. Dawa ikimdhuru, au ukiitilia shaka, acha kuitumia, chukua boksi na vilivyobaki, upeleke zahanati. Mganga akiwa na namba ya toleo mkononi, habari yaweza kufika TMDA na kuwaokoa watoto wa vijiji usivyovijua.

 

MASWALI YA KIKUNDI

1. Tazameni maboksi mliyoleta. Je, yapo mawili yenye majina makubwa tofauti na jina dogo moja?
2. Jirani amenunua dawa kwa sababu boksi limeandikwa BP. Mtamweleza nini?
3. Someni EXP ya kila boksi. Iliyopita muda wake mtaifanyaje, watoto wasiifikie?
4. Kijiji chenu chaweza kufanya nini ili tangazo la toleo baya lifike kila nyumba kwa siku moja?
5. Mtu mzima amepewa vidonge 12 vya ALu. Vimepungua vingapi?